Mnafu wa Mlimani na Andazi la Mjini

Ndugu msomaji, mtu atokaye Tanga kwenda Moshi kwa basi hufuatana na milima ya Upare mkono wa kuume kwa muda mrefu. Hupita Same, hupita Mwanga, na akisha kufika Himo hujua ya kuwa yu chini ya Kilimanjaro, ijapokuwa aghalabu hauoni mlima wenyewe kwa sababu ya mawingu. Ndivyo ilivyonitokea mimi nilipofika mwezi wa Juni, masika yakiwa yamekwisha. Jioni ile sikuona kitu. Lakini asubuhi yake, nilipotoka msikitini baada ya sala ya Alfajiri, nilikiona Kibo kimesimama juu ya mji, cheupe na kitulivu, kilele chenye urefu wa meta 5,895. Nilisimama pale njiani nikamsifu Mola aliyekiumba.

Walakini safari yangu haikuwa ya kutazama theluji. Nilikwenda kumjulia hali binti wa rafiki yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani katika mtaa wa Majengo. Mtoto huyo ana umri wa miaka tisa. Kwa muda wa miezi kadhaa alikuwa akichoka upesi, akisinzia darasani, na kila alipokimbia na wenziwe alikaa kitako akihema. Hospitalini walimpima wakasema damu yake ni pungufu. Walimpa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, kisha wakamwambia mama yake: mtoto huyu ale mboga za majani kila siku, wala asinywe chai pamoja na chakula.

Maneno hayo ya mwisho yalizua mjadala nyumbani. Mama mtu aliniambia kwa uchungu, "Shemeji, watu watadhani tunamnyima mtoto chakula. Kila asubuhi anakula maandazi mawili na chai ya maziwa. Jioni akirudi chuoni anakula mkate mtamu. Majani yana nini hata yashinde mkate?"

Sikumjibu siku ile, maana swali lake ni la haki, na swali la haki halijibiwi kwa pupa. Nilimwomba anipe siku mbili.

Siku ya kwanza nilikwenda soko la Mbuyuni kabla jua halijapanda. Huko niliwaona akina mama wakiteremka kutoka Uru, Kibosho na Old Moshi, wengine kwa magari, wengine kwa miguu, na vichwani mwao wamejitwika vikapu na mikungu ya ndizi. Ndani ya vikapu hivyo mlikuwa na mnafu, mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde na nyanya chungu, vyote vingali na umande. Nilikaa nikatazama biashara yao. Kufika saa nne wengi wao walikuwa wamekwisha kuuza. Je, walinunua nini kabla ya kurudi? Wengine walinunua sabuni, mafuta ya taa na madaftari ya watoto. Lakini wengi niliowaona walipitia dukani wakachukua unga wa ngano, sukari na mafuta ya kukaangia, wakapanda navyo mlimani.

Nilitafakari sana jambo hilo. Sukari yenyewe hutoka hapo hapo, kusini ya mji, katika mashamba ya miwa ya TPC huko Arusha Chini, yaliyoanza kulimwa miaka ya 1930. Ngano nayo hulimwa kidogo upande wa magharibi ya mlima, lakini sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania hutoka ng'ambo, ikavuka bahari hata ifike bandarini. Basi kila siku mlima huteremsha mboga, na tambarare hupandisha sukari na unga. Biashara si haramu, wala hapana aibu mtu kuuza alichopanda. Swali ni hili: katika kubadilishana huko, mtoto wa nyumbani anapata au anapoteza?

Siku ya pili rafiki yangu alinipeleka Uru kwa mama mkwe wake. Mji wa Moshi uko chini, kiasi cha meta 800 na ushei juu ya usawa wa bahari. Gari linapopanda, joto hupungua kidogo kidogo, na nyumba hujificha ndani ya migomba. Huko ndiko viliko vihamba, yaani mashamba ya ukoo yaliyozunguka nyumba. Juu kabisa husimama miti mirefu. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Na chini ya mibuni, karibu na ardhi, ndipo huota viazi, maharagwe na mboga za majani. Maji huletwa na mifereji iliyochimbwa na wahenga, ambayo wenyeji huiita mfongo. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu, huko huko Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Bibi alitupokea kwa furaha. Tulimwamkia shikamoo, naye akatuuliza habari za mjukuu kabla hajatukaribisha kukaa. Alipokwisha kusikia, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mnafu uko nyuma ya nyumba hii tangu nilipoolewa. Lakini watoto wa siku hizi hawautaki. Wanasema ni mchungu, tena ni chakula cha mtu asiye na fedha. Basi mimi huuza, nikawanunulia unga wawe radhi."

Msomaji mpenzi, neno hili "chakula cha mtu asiye na fedha" ndilo lililonigusa. Nilikumbuka jinsi nyumba nyingi za Waislamu, mjini na pwani, zinavyoona fahari kumwandalia mgeni maandazi, kalimati na mikate ya sukari, lakini zinaona haya kumwekea sahani ya mchicha. Bibi hakuona haya. Alichuma mnafu mbele yetu, akauosha ungali mzima, akaukata, akautia katika sufuria yenye maji kidogo, akauacha kwa dakika chache tu, kisha akamimina maziwa yenye mafuta yake. Tuliula pamoja na ndizi zilizopikwa kwa maharagwe, ambazo Wachaga huziita kiburu. Uchungu wake ni mdogo, nao ukichanganyika na maziwa huwa ladha njema. Nilikula hata nikaomba niongezwe.

Tuliporudi Majengo nilimwomba yule mama aniruhusu nitazame anavyopika maandazi, naye akakubali. Tuliazima mizani ya mwenye duka jirani. Alitia nusu kilo ya unga wa ngano na gramu 100 za sukari, akakanda kwa maji na hamira, akapata maandazi 16. Tulipima mafuta kabla ya kukaanga na baada yake, tukaona yamepungua kwa gramu 80 hivi, yaani maandazi yameyanyonya.

Hesabu yake si ngumu. Gramu moja ya wanga au sukari humpa mtu kalori 4, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Unga ule nusu kilo una kalori kiasi cha 1,800, sukari 400, na mafuta kiasi cha 700. Jumla ni 2,900. Kwa hiyo kila andazi lina kalori 180 hivi, na maandazi mawili ya asubuhi yana zaidi ya 350. Hii ni nguvu ya kweli, wala hatuwezi kuidharau. Mchukuzi, mkulima na mtoto anayecheza wote wahitaji nguvu. Tena ngano ina protini. Andazi lenye uzito wa gramu 100 lina protini nyingi kuliko mchicha uliopikwa wa uzito huo huo.

Sasa tuutazame mchicha. Gramu 100 za mchicha uliochemshwa, yaani kiasi cha viganja viwili, zina kalori 21 tu. Mtu atakaye kupata nguvu ya maandazi mawili kwa mchicha mtupu ingempasa ale zaidi ya kilo moja na nusu, jambo lisilowezekana. Basi yule asemaye kwamba mboga pekee yatosha kumshibisha mtoto amekosea.

Lakini chakula si nguvu peke yake. Tangu zamani walimu wa afya hutufundisha kwamba kuna chakula cha kutia nguvu, chakula cha kujenga mwili, na chakula cha kuulinda mwili na maradhi. Katika fungu hili la tatu andazi ni maskini, na mchicha ni tajiri. Zile gramu 100 za mchicha uliochemshwa zina kalsiamu, madini yajengayo mifupa na meno, kiasi cha miligramu 200. Unga mweupe wa ngano wa uzito huo una miligramu 15 tu. Mchicha una vitamini C kiasi cha miligramu 40. Unga hauna kabisa. Mchicha una karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho. Unga mweupe hauna. Mchicha una madini ya chuma zaidi ya miligramu 2, na vitamini ya foliki ambayo damu haiwezi kutengenezwa bila yake, nayo ni muhimu mno kwa mwanamke mjamzito. Pia una nyuzinyuzi ziletazo choo laini. Mnafu, majani ya maboga na majani ya kunde ni wa jamii hiyo hiyo ya vyakula.

Yatupasa kusema haki pande zote mbili. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka unga wa ngano wa viwandani nchini Tanzania utiwe madini ya chuma, zinki na foliki, na mafuta ya kula yatiwe vitamini A. Hivyo andazi la leo ni bora kuliko la zamani. Vile vile si kalsiamu na chuma chote cha mboga kinachoingia mwilini. Kingine hupita bure. Hata hivyo, hakuna kiwanda kilichotia ndani ya andazi yote ambayo Mwenyezi Mungu ameyatia ndani ya jani.

Na sukari je? Kila andazi lilikuwa na sukari gramu 6 hivi. Maandazi mawili ni gramu 12. Mtoto yule hutia vijiko vitatu katika chai yake, ambavyo ni gramu 12 nyingine au zaidi. Basi kabla hajafika shuleni amekwisha kula gramu 25 hivi za sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu aipatayo mtu kwa siku, na ikiwezekana ipungue hata nusu ya hapo. Kwa mtu mzima nusu hiyo ni kama gramu 25 kwa siku nzima. Mtoto wa miaka tisa huimaliza kwa kifungua kinywa, na bado mkate mtamu wa jioni haujaja!

Nilipomwonyesha mama mtu hesabu hizi, hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu: "Mbona basi mboga tunapika, walau mara mbili kwa juma, na damu bado haitoshi?" Nilimwomba anieleze anavyopika. Ndipo tulipogundua makosa ambayo si yake peke yake, bali ni ya nyumba nyingi.

Kosa la kwanza: alikata mboga kwanza, kisha akaziosha na kuziloweka. Vitamini C na foliki huyeyuka katika maji. Mboga ikikatwa kabla ya kuoshwa, mali yake humwagwa uani. Yafaa kuosha kwanza, kisha kukata.

Kosa la pili: alichemsha kwa muda mrefu, akatia magadi ili zilainike upesi na kubaki na rangi nzuri. Moto wa muda mrefu huiua vitamini C, na magadi huiharibu zaidi. Dakika chache katika maji kidogo zatosha, na maji hayo yaliwe pamoja na mboga.

Kosa la tatu: kwa kudhani kwamba mboga ya mgonjwa isitiwe mafuta, alimpikia mtoto mboga ya chumvi tu. Karotini haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kijiko cha mafuta, tui la nazi, karanga zilizotwangwa, au maziwa kama alivyofanya Bibi wa Uru, vyatosha kuifungulia mlango.

Kosa la nne: chai. Majani ya chai yana kitu kinachoshika madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie katika damu. Chai inywewe saa moja au mbili mbali na chakula. Badala yake, ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, au chungwa baada ya kula, husaidia chuma kuingia. Samaki au nyama, hata ikiwa kidogo, husaidia pia.

Tena tusisahau kwamba upungufu wa damu una sababu nyingi. Malaria, minyoo na maradhi ya kurithi huweza kuuleta, na mboga haiwi badala ya daktari. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto wadogo 58 kwa kila 100, na wanawake 45 kwa kila 100 walio katika umri wa kuzaa, walikuwa na upungufu wa damu. Hili si jambo la nyumba moja ya Majengo. Pengine, msomaji, limo nyumbani mwako nawe hujui.

Kitu gani basi kilichotufanya tudharau mboga? Nadhani ni mazoea na fahari. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kahawa ya mlimani ilipopata chama chake cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, fedha zilikuwako za kununulia vitu vya dukani. Unga mweupe ukawa dalili ya maendeleo, na jani la nyuma ya nyumba likawa dalili ya unyonge. Lakini wenye elimu leo wanaelekea kinyume. Huko Tengeru, karibu na Arusha, tangu mwaka 1992 kiko kituo cha utafiti wa mboga, na wataalamu wake hushughulikia mbegu za mnafu, mchicha na nyanya chungu, mboga zile zile ambazo wajukuu wa Uru huzionea haya.

Sisi Waislamu tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Anas bin Malik ametuhadithia kwamba fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), akamwandalia mkate wa shayiri na mchuzi wenye mung'unye na nyama kavu. Anas alimwona Mtume akivitafuta vipande vya mung'unye pande zote za sahani, na tangu siku ile naye Anas akaupenda mung'unye. Tazama, ndugu: mkate ulikuwapo na mboga ilikuwapo, kimoja hakikukifukuza kingine. Wala mboga haikuwa kitu cha kumwonea haya mgeni, hata mgeni huyo alipokuwa mbora wa viumbe. Na kijana Anas aliipenda kwa kumwona mkubwa wake akiipenda. Watoto wetu nao hututazama sisi.

Usiku ule, kabla ya kuondoka Moshi, tulipanga mambo pamoja na mama mtu. Maandazi hayakufukuzwa, yaliachiwa asubuhi ya Ijumaa na siku za wageni. Asubuhi nyingine mtoto atakula viazi, ndizi za kuchemsha au uji, na tunda. Mboga za majani zitakuwapo kila siku, zimepikwa kwa mafuta kidogo na kukamuliwa ndimu, na chai itangoja. Na mwezi wa Ramadhani, futari itakapoandaliwa, sahani ya mboga itawekwa katikati ya mkeka, si pembeni.

Bibi wa Uru naye aliletewa habari. Alituma jibu fupi kwa mkwewe: kuanzia siku hiyo, fungu la kwanza la mnafu halitateremka sokoni, litakuwa la mjukuu, na linalobaki ndilo litakalouzwa.

Baada ya miezi mitatu nilipata barua kutoka kwa rafiki yangu. Mtoto amepimwa tena, na damu yake imepanda. Vidonge amevimaliza kama alivyoagizwa, na hasinzii tena chuoni. Mimi sisemi ya kwamba mnafu peke yake ndio uliomponya, kwa maana dawa nazo zilifanya kazi yake, na shifa yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini barua ile ilikuwa na mstari mmoja chini, umeandikwa kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Aliniambia kwamba mnafu bado ni mchungu kidogo, ila siku hizi yeye ndiye anayeuchuma aendapo kwa Bibi.

Ndugu msomaji, ikiwa una kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, hata kama ni kidogo kama mkeka wa kusalia, panda mboga. Na ukiuza, uza; lakini fungu la kwanza liwe la nyumbani.